Punje Iliyohesabu Matusi

Mwalimu Kalunde Mihayo alirudi kutoka Norwei saa nne na dakika kumi asubuhi, akaketi kitandani, akataka maji. Nikampa. Akanywa bilauri mbili mfululizo, kisha akanikazia macho.

"Tusekile," nikamsaidia. "Mpimaji. Uko Morogoro, Ofisi ya Vionjo, chumba namba mbili."

"Najua niko wapi, mwanangu. Natazama tu ulivyokonda. Nimeondoka ukiwa na mashavu."

Alikuwa ameondoka dakika arobaini zilizopita. Lakini ndivyo kionjo kilivyo: unavaa kofia ya waya, unalala dakika arobaini, na humo ndani unaishi siku tisa kamili katika nchi nyingine. Unakula, unalala, unaumwa tumbo kwa chakula usichokizoea, unasahau mwavuli kwenye basi. Wengine wakiamka huuliza mwavuli wao uko wapi. Kuna bwana mmoja alinishika shati akitaka nimrudishie paka.

Wiki ile Mwalimu alikuwa ameonja nchi tatu. Mkataba wa Makazi unampa kila mstaafu haki hiyo: onja tatu, chagua moja, au baki ulipo. Nchi zilizoishiwa watu ndizo zilizouanzisha. Wao wana nyumba tupu na bustani zisizo na wa kukaa, na sisi watu tunao. Kazi yangu ilikuwa kuwalaza, kuwaamsha na kuwasomea namba. Niliipenda kupita kiasi, nakiri. Wakati mwingine nilijiona kama mimi ndiye ninayezigawa nchi zenyewe.

"Haya, Mwalimu," nikasema, nikafungua fomu. "Malesia?"

"Chakula! Asubuhi na mapema mtu anakupa wali wa nazi na dagaa wa kukaanga juu yake. Nikasema, hawa ni ndugu zetu tuliopoteana tu. Ila joto, mwanangu. Ukitoka kule, Dar es Salaam unaiona friji."

"Urugwai?"

"Wale hawana haraka. Kila mtu ana chupa ya chai kwapani na kibuyu mkononi, ananyonya kwa mrija, amekaa ukutani anatazama maji. Siku tatu nilijiuliza hawa watu wanafanya kazi saa ngapi. Siku ya nne nikanunua kibuyu changu."

"Na Norwei?"

Hapo akaikunja shuka miguuni pake vizuri, pembe kwa pembe.

"Wana maabara," akasema. "Shule yao inatafuta mwalimu mstaafu wa sayansi, mmoja tu. Tusekile, kila mwanafunzi ana bomba lake la gesi. Kila mmoja! Kuna kabati linalovuta moshi, unachanganya asidi humo na hukohoi. Mimi nimefundisha kemia miaka thelathini na nane kwa kibiriti na chupa za soda. Nilishika mizani inayopima mpaka unywele, nikalia mbele ya watoto wa watu."

"Na watu wenyewe?"

"Wapole mno. Hakuna anayekusumbua, hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Kituoni kila mtu anasimama mbali na mwenzake, mpaka nilidhani wamegombana." Akafikiri. "Lakini magoti hayakuniuma hata siku moja. Kule ngazi zinapanda zenyewe."

Ilibaki namba. Ili nchi ya ugenini ilinganishwe na nyumbani, mteja huvaa punje kwenye ukosi wa nguo kwa siku thelathini. Ni kitu kidogo, ukubwa wa punje ya mtama, na kazi yake ni kusikiliza. Hairuhusiwi kupima mapigo ya moyo wala kuutazama uso, kwa sababu wenye Mkataba waliamua kwamba moyo ni mali ya mwenye nao. Inasikia maneno tu. Inahesabu salamu, shukrani, vitisho na matusi, inachanganya na mambo ya hospitali, maji na barabara, halafu inatoa namba moja kwa mia.

"Malesia themanini," nikasoma. "Urugwai themanini na tatu. Norwei tisini na saba."

"Na hapa kwetu?"

Nikaitazama mara mbili. "Thelathini na moja."

"Kwa mia?"

"Kwa mia, Mwalimu. Na ni habari njema! Walio chini ya arobaini wanahesabiwa kuwa wanaishi kwenye uhasama. Wengine wanangoja foleni miaka tisa. Wewe unapewa nafasi ya haraka. Vaa punje siku ishirini na moja nyingine tuthibitishe, na maabara ni yako."

Nilidhani atarukaruka. Badala yake alishuka kitandani taratibu, akatafuta viatu vyake kwa miguu.

"Miaka ishirini na sita nakaa mtaa ule," akasema. "Sikujua kuwa wananichukia."

Nikamwambia hongera. Mpaka leo neno hilo nikilikumbuka natamani kulimeza.

* * *

Siku kumi baadaye nilipeleka sketi yangu kwa Fundi Kondo ili aipunguze, maana lile la kukonda lilikuwa kweli. Kibanda cha Kondo kinatazamana na geti la Mwalimu. Yeye ni Mzaramo, Mwalimu ni Mnyamwezi, na watu wa makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara. Asiyelijua hilo angewaitia polisi. Kila asubuhi Mwalimu akifungua geti, Kondo alikuwa akiuacha mguu wa cherehani na kupaza sauti: "Mpagazi wangu huyo ameamka! Leo umebeba nini kichwani, au ni kichwa chenyewe?" Naye Mwalimu hujibu bila kugeuka: "Shona hiyo kaptura, Mzaramo. Ngoma ikilia saa hizi utaiacha na sindano ndani, mwenye nayo ataivaa hivyo hivyo." Wapita njia walikuwa wakisimama kusikiliza.

Asubuhi ile geti lilifunguka, Mwalimu akatoka na mkoba.

"Habari za asubuhi, Fundi," akasema.

"Nzuri, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba."

Akapita. Kondo akainamia cherehani. Hata mimi nilishangaa.

"Fundi, mmekosana?"

"Niulize mimi au nikuulize wewe?" Alinitazama juu ya miwani. "Alitoka kwenu akiwa na uso kama wa mfiwa. Nikamwita mpagazi, hakujibu. Nikamwambia miguu yake ni ya kuku wa Tabora, hakujibu. Siku ya tatu akaja hapa, akasimama pale uliposimama, akasema, 'Bwana Kondo, naomba uniheshimu.' Bwana Kondo! Mimi! Nikamwambia sawa, mama. Basi namheshimu."

"Labda ana mawazo ya safari."

"Aende. Kwani mimi nani?" Akaivuta sketi yangu kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. "Mke wangu alipofariki, watu wote walikuja hapa wakakaa kimya kwa adabu. Yule mama ndiye aliyeingia akaniambia marehemu amekufa kwa kuchoka kuniangalia sura. Nilicheka, Tusekile. Ndani ya matanga. Nisingecheka siku ile sijui ningekuwa wapi."

Nikalipa, nikaondoka. Sikuwaza zaidi. Unaweza kukaa na kitu mbele ya pua na usikione, na mimi nilikuwa na cheti cha kupima.

* * *

Siku ya uthibitisho ilikuwa Ijumaa. Mwalimu alifika saa nane, akaketi barazani na wateja wengine, mkoba juu ya magoti. Nilipomsalimu aliitikia kwa sauti ndogo. Nikaingia chumba namba mbili, nikaisoma punje yake kwa mbali.

Sitini na nne.

Nikaisoma tena. Katika siku ishirini na moja mtaa ule ule, wenye maji yale yale na mashimo yale yale barabarani, ulikuwa umepanda zaidi ya mara mbili. Na mwenye mtaa alikuwa ameketi nje kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Hapo ndipo nilipofungua hesabu ya maneno, kitu ambacho kwa kawaida hatuna haja ya kukifungua.

Mwezi wa kwanza: matusi ishirini na tatu kwa siku. Siku hizi ishirini na moja: mawili siku ya kwanza, moja siku ya pili, halafu sifuri mpaka mwisho. Yote yalitoka kwa sauti moja. Punje haiandiki majina, lakini inahifadhi maneno, na tusi la kwanza kwenye orodha lilikuwa "miguu ya kuku wa Tabora."

Nikakaa chini. Nilijua kosa ni la nani.

Miaka sita iliyopita watengenezaji wa punje walizitumia nchi zote fomu ya maswali mia mbili, ili wairekebishe kulingana na desturi za kila mahali. Kwetu iliundwa kamati ya watu watano, mimi nikiwa katibu. Swali la mia na kumi na saba lilisema: Je, katika jamii yenu kuna watu wanaoruhusiwa kutukanana bila kukosana? Tulitazamana. Tulimwonea aibu aliyeuliza. Watukanane? Sisi? Mwenyekiti wetu alikuwa Mpare na mhasibu alikuwa Mchaga, na tangu asubuhi walikuwa wakiambiana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, huku wamekula sahani moja. Hakuna kati yetu aliyeyasikia kuwa ni matusi. Ulikuwa utani tu. Nikaandika kwa herufi kubwa: HAPANA, SISI NI WATU WENYE HESHIMA. Tukaenda kula.

Niliiondoa sauti ya Kondo kwenye hesabu ya mwezi wa kwanza, nikaiacha mashine ipige hesabu upya. Mtaa wa Mwalimu Kalunde ulipata themanini na sita; hata ile sitini na nne ilikuwa imeshuka, maana siku hizi salamu na shukrani nazo zilikuwa zimepungua.

Sasa sikiliza kilichonibana. Kanuni inasema vipimo viwili vikitofautiana, mpimaji ndiye anayeamua kipi kitumwe, kabla ya saa kumi. Ningetuma thelathini na moja, Mwalimu angekwenda kwenye maabara aliyoililia, angepanda ngazi zinazopanda zenyewe, na hakuna ambaye angejua. Nikiandika kwamba punje ni mbovu, nafasi yake inapotea, vituo vyote nchini vinafungwa hadi zirekebishwe, na mimi nawaandikia barua watu mia nne na kumi na wawili niliowasafirisha kwa namba hizo hizo. Wangapi kati yao waliondoka kwa sababu kulikuwa na mtu anayewapenda kwa kelele? Niliogopa. Sitajifanya kwamba niliogopa kwa ajili yao peke yao. Niliogopa pia kwa ajili ya kiti changu.

Saa nane na nusu kidole changu kilikuwa juu ya thelathini na moja. Nikajiambia ninamtendea wema. Halafu nikamwona kupitia dirishani, anajisogeza kwenye benchi ili asimguse mtu wa pembeni yake. Alikuwa ameshaanza kuishi Norwei, na alikuwa hajaondoka Morogoro.

Nikampigia simu Fundi Kondo aje, kwa kuwa sheria inataka mwenye sauti aarifiwe. Nikamwita Mwalimu ndani.

* * *

Nilimweleza yote, na la swali la mia na kumi na saba pia. Kondo aliingia katikati ya maelezo, futi ya kushonea ikiwa shingoni, akasimama karibu na mlango bila kuketi. Nilipofika kwenye neno "uhasama" alivua miwani.

"Ngoja," akasema. "Mashine yenu imeandika kwamba mimi ni adui wa huyu mama?"

"Hatari ya kiwango cha pili, Fundi."

"Cha pili? Wa kwanza nani?"

"Kiwango cha kwanza ni vita."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya karatasi, anafuatisha safu za namba kwa kalamu, kama anasahihisha mtihani. Alizifuatisha mpaka chini, akarudi juu.

"Ukituma thelathini na moja, nakwenda?"

"Unakwenda, Mwalimu. Uamuzi uko mikononi mwangu. Nikuambie ukweli, nataka uende ukiwa unataka."

"Nataka. Tangu nimeamka humu naota kabati lile la moshi." Akavua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa. "Lakini wewe unajua nimewafelisha watoto wangapi kwa kosa hili? Mtoto anajua kipimajoto chake kimepasuka, anaandika jibu kwa sababu linafanana na la kitabuni. Nilikuwa nampa sifuri. Nilimpa sifuri hata mpwa wangu. Lete hiyo taarifa ya ubovu."

"Mwalimu, ukisaini, hiyo nafasi—"

"Nimesikia. Lete."

Akasaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa ubaoni. Nikaituma makao makuu, na jibu la mashine likaja kwamba taarifa itafunguliwa Jumatatu. Ndipo Mwalimu akaweka kalamu chini na kulia. Alilia kwa uchungu hasa, mabega yakitikisika, na mimi nikabaki nimeshika sanduku la karatasi laini nisijue nifanye nini nalo.

Kondo alijua. Alilala chini, chali, akaziba mlango mzima.

"Maiti haitoki!" akapiga kelele mpaka barazani wakasimama. "Maabara ya Norwei imefariki! Jamani, imekufa mbichi, hata haijaungua meza! Nasema haizikwi mpaka wafiwa watoe kuku!"

Huo ndio wajibu wa mtani kwenye msiba, kuuvuruga. Akaivua futi shingoni, akaanza kupima hewa. "Sanda ya mabomba thelathini, nani atanikatia? Marehemu alikuwa na mabomba thelathini, na hakuna hata moja lililojua kusalimia! Na mfiwa mwenyewe mtazameni: anajifuta kamasi kwa miwani!"

Mwalimu aliinua uso. Nikaona kitu kinapigana mdomoni mwake.

"Ewe Mzaramo," akasema, sauti bado imejaa machozi, "hata kulala hujui. Mtu mzima umelala kama nguo iliyoshonwa na wewe."

Baraza zima likapasuka. Mama mmoja Mzigua aliyekuja kuonja Ureno akaingilia, akidai sehemu yake ya kuku, na bwana mmoja Msukuma akamwambia asogee, Wazigua wanapewa miguu tu. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki tatu za ukimya zilimtoka zote mara moja, akamrudishia Kondo matusi ya siku ishirini na moja pamoja na ya akiba.

Mimi nilikuwa nacheka pia, mpaka macho yangu yalipoangukia kwenye kioo cha mashine. Tulisahau kumvua punje. Bado ilikuwa kwenye ukosi wake, inasikiliza kwa bidii. Sitini na nne ilikuwa imeshakuwa arobaini. Ishirini na mbili. Tisa. Nne. Kioo kikageuka chekundu, maandishi yakatokea: HATARI. MTEJA APEWE NAFASI YA HARAKA LEO. NORWEI, MAABARA, NAFASI MOJA. Chini yake vitufe viwili, KUBALI na KATAA.

Nikawaomba wanyamaze. Nikamwambia Mwalimu kweli yote, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na sikuona namna ya kuacha. Taarifa yetu itafunguliwa Jumatatu. Akibonyeza Kubali sasa, nafasi ni yake kihalali, na hakuna wa kumnyang'anya.

Mwalimu akakisogelea kioo. Pale juu kulikuwa na picha ya maabara yenyewe, meza nyeupe, mabomba yamejipanga, dirisha kubwa na theluji nje. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Kondo alikuwa bado sakafuni, futi imemlalia kifuani.

"Kalunde," akasema. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo. "Kama roho inataka, nenda. Mimi nilikuwa nazuia mlango kwa mchezo."

"Nyamaza. Nafikiri."

Akafikiri. Akagusa picha ya bomba moja kwa ncha ya kidole, kama anayepima moto. Kisha akabonyeza Kataa. Picha ikazimika.

Halafu akachukua mkoba wake, akaja mpaka mlangoni.

"Inuka hapo, Mzaramo. Watu wanataka kupita."

"Kuku kwanza," akasema Kondo, na alikuwa analia.